Kigari cha Mahaba, Kigari cha Dharau

Kuna maradhi yameziingia baraza zetu za washairi, nayo ni kukililia kila cha zamani kwa kuwa ni cha zamani. Juzi mwenzetu mmoja, mtunzi ninayemstahi, alituonyesha picha ya Isetta, kile kigari cha Ulaya chenye umbo la yai na mlango mmoja tu, tena wa mbele. Akasema lile ni shairi. Ama Vitz za leo ni mabati yasiyo roho. Baraza zima likaitikia. Nami nikanyamaza kwa adabu.

Sasa nasema. Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiambishi ki- kina ndimi mbili: mama husema "kitoto changu" kwa mapenzi, na tajiri huiita nyumba ya jirani kijumba kwa kebehi. Mwenzetu aliiita Isetta kigari kwa mahaba, na kwa pumzi ile ile akaiita Vitz kigari kwa dharau. Ki- ni ile ile. Aliyebadilika ni mpandaji.

Masika iliyopita nilipanda Vitz ya kukodi kutoka Katesh, chini ya Mlima Hanang, hadi Haydom wilayani Mbulu. Nyuma walikaa mama mjamzito na wifi yake. Hospitali ya Haydom ndiyo waliyoikusudia. Kati yao na mlango wa nyuma pakashindiliwa gunia la vitunguu saumu. Barabara ya udongo ilikuwa imechimbwa mifereji miwili na magari yaliyotutangulia. Tumbo la gari lilikwaruza tuta mara tatu, mara moja tukashuka kusukuma, wajawazito wakisamehewa. Tulifika kabla ya magharibi.

Hebu mpakieni mama yule katika Isetta. Viti viwili, mashine ya silinda moja, sentimita za ujazo 247, ilhali ya Vitz ndogo kabisa ni karibu 1,000. Usukani umefungwa kwenye mlango. Magurudumu ya mbele yameachana zaidi ya mita, ya nyuma yanakaribiana kwa kama nusu mita, kwa hivyo ya mbele yakitafuta mifereji, ya nyuma yatapanda lile tuta la katikati. Wifi je? Abaki Katesh na gunia lake?

Tena vigari vile vilizaliwa na dhiki. Ulaya ilitoka vitani haina kitu. BMW ilianza kuiunda Isetta mwaka 1955, na Mfereji wa Suez ulipofungwa mwaka 1956 petroli ikagawiwa kwa vibali Uingereza, watu wakavikimbilia. Mifuko ilipotuna wakavikimbia. Mwaka 1962 BMW ikaacha kuiunda. (Hospitali ya Haydom nayo ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1955, na wagonjwa wangali wanaiendea.) Wenyewe walivitupa, sisi ndio tunaoambiwa tuvililie.

Sikatai kwamba Isetta inapendeza. Picha ile niliitazama mara mbili. Wala Vitz si malaika: nimeona ikishindiliwa watu wanane, nikaogopa. Lakini ajabu yangu ni sikio la mshairi linalosikia mahadhi katika dhiki ya Mjerumani na kelele tupu katika riziki ya dereva wa Katesh.

Mwenzetu ameahidi kuitungia Isetta utenzi. Naungoja. Namwomba tu ubeti mmoja autunge akiwa kiti cha nyuma, baina ya gunia la vitunguu saumu na wifi wa mtu.