Skeli hii inapanda kivyake na kushuka kivyake: Tuambiwe sababu, tusikaririshwe tu

Jumamosi moja tukiwa kwenye ukumbi wa kanisa huku Kayole, msichana wa Gredi ya Nane aliweka fidla yake chini akaniuliza: “Mwalimu, mbona skeli hii ikipanda ina noti zake, na ikishuka inabadilisha? Si huku ni kutuchanganya tu?”

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Swali hilo niliwahi kuuliza nikiwa rika lake, na jibu nililopata lilikuwa fupi: “Kariri tu, italetwa kwa mtihani.”

Nikakariri. Siku ya mtihani nilipanda vizuri sana, kisha nikashuka na noti zilezile nilizopandia. Nilitoka mle ndani nikiamini kwamba muziki wa kuandikwa haukuumbiwa watoto wa Eastlands. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kichwa changu hakikuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyeniambia sababu.

Skeli yenyewe inaitwa melodiki maina, na sababu yake haihitaji digrii. Chukua A maina ya kawaida: A, B, C, D, E, F, G, kisha A tena. Iimbe polepole. Utasikia kwamba kutoka G hadi A ya juu ni hatua nzima, na wimbo unafika nyumbani kama mtu asiye na haraka. Watunzi wa Ulaya walitaka mvuto zaidi hapo mwisho, kwa hivyo wakapandisha G ikawa G-shapu. Sasa imebaki nusu hatua tu, na sikio linaidai ile A kama abiria aliyebakisha steji moja afike kwao.

Lakini ukitengeneza hapa, kunaharibika pale. Kati ya F na G-shapu sasa kuna pengo la nusu hatua tatu, na yeyote aliyeimba kwaya anajua mruko kama huo unavyosumbua koo. Dawa ikawa kupandisha F nayo, iwe F-shapu. Njia ya kupanda ikalainika.

Na kushuka je? Ukishuka unaondoka nyumbani, huhitaji tena kuvutwa kuelekea A. Kwa hivyo G na F zinarudi zilivyokuwa. Basi, siri yote ndiyo hiyo. Wanakwaya wetu waliolelewa kwa solfa wanaijua hata kama hawajui jina lake: kupanda ni la, ti, do, re, mi, ba, se, la, kushuka ni la, so, fa, mi, re, do, ti, la.

Ukitaka ushahidi, tafuta wimbo wa Beatles wa mwaka 1965 uitwao Yesterday. Mwanzoni sauti inapanda kwa D maina ikipitia B na C-shapu. Sekunde chache baadaye inashuka, na safari hii inapita C ya kawaida na B-flati. Mamilioni ya watu wameuimba bila kukaririshwa skeli yoyote.

Najua kuna wasee watasema haya ni mambo ya wazungu. Kalamashaka walitoka Dandora, Ethic wakatoka Umoja wakatikisa nchi na Lamba Lolo mwaka 2018, na sidhani kuna shabiki aliyewauliza habari za melodiki maina. Nakubali. Sikio ndilo mwalimu wa kwanza, na hakuna skeli itakayokupa kipaji.

Hata hivyo, anayejua sababu ya kanuni ndiye anayejua wakati wa kuivunja. Wapiga jazi hutumia noti za kupanda hata wanaposhuka, kwa sababu wanaipenda ladha yake. Kule Mombasa, lile pengo la nusu hatua tatu ambalo watunzi wa Ulaya walilikwepa ndilo linaloupa utamu wimbo mwingi wa taarab. Kijana anayetengeneza biti kwenye laptopu ndani ya keja yake akiyajua haya, ana rangi tatu mkononi badala ya moja. Aliyekariri tu ana hofu ya mtihani.

Jambo hili lina uzito sasa kuliko zamani. Chini ya mfumo mpya wa elimu, mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu anaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Yule msichana wa fidla atalazimika kuamua mwaka ujao. Nyumbani anaambiwa muziki si kazi. Akija darasani na huko pia aambiwe “kariri tu”, nani atamlaumu akiuacha?

Tusisingizie mtaa pia. Ghetto Classics ilianza Korogocho mwaka 2008, katika uwanja wa kanisa la St John's, karibu na jaa la Dandora, na vijana wake wamepiga muziki wa orkestra mbele ya watu wengi. Vichwa tunavyo. Wanaojua kufungua mlango ndio wachache.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wa muziki, wa shule na wa kwaya, ni hili: tuanze na sauti. Haigharimu hata shilingi, na hakuna anayehitaji piano ili kuimba. Waacheni watoto waimbe maina ya kawaida, kisha wapandishe noti ya saba, wausikie ule mruko wenyewe, wauchekelee, halafu waulizwe wangeutengeneza vipi. Jina la skeli lije mwisho.

Jumamosi ile ndivyo tulivyofanya. Tulipofika kwenye mruko, yule msichana alikunja uso, akasema, “Hapo pameruka vibaya, tupandishe na ya nyuma yake.” Hakuna aliyemwambia. Akaokota fidla, akapanda, akashuka. Noti moja ya juu aliikosa kidogo, akairudia mwenyewe kabla sijafungua mdomo.