Katiba na Haki za Watu si Kitu Kimoja

Kuna neno linalozunguka sokoni, katika vikao vya wazee, na hata mbele ya kanisa baada ya Misa. Watu husema: "Katiba, waibadilishe wapendavyo. Hiyo ni habari ya wakubwa: Rais, maseneta na magavana. Sisi raia wadogo tuna haki zetu, nazo zimeandikwa. Zisipoguswa hizo, tutapata hasara gani?" Maneno haya ni matamu masikioni, na mara nyingine yanasemwa na watu waliosoma. Lakini ni uongo, na uongo huu umekwisha kutugharimu sana katika nchi yetu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya.

Orodha ya haki ni maandiko yanayotaja yale ambayo mtu anayo kwa sababu ni mtu: uhai wake, mwili wake usiteswe, dhamiri yake na dini yake, ndoa yake na jamaa yake, mali aliyoitolea jasho, na kutofungwa pasipo hukumu. Serikali haikumpa mtu vitu hivi. Amevipata kwa Mungu aliyemwumba kwa mfano wake, na kazi ya serikali ni kuviungama na kuvilinda. Kwa hiyo hakuna mfalme wala bunge lenye ruhusa ya kuvifuta.

Katiba ina kazi nyingine. Yapanga serikali yenyewe: nani atatawala, atapataje mamlaka, kwa miaka mingapi, nani atatunga sheria, nani atahesabu fedha, nani atahukumu, na zaidi ya yote, nani aweza kumwambia mkubwa: "Mwisho wako ni hapa, usipite." Mipango hii ni kazi ya wanadamu. Nchi moja ina mfalme, nyingine ina Rais, na zote mbili zaweza kutawaliwa kwa haki. Katiba yaweza kurekebishwa, kama vile nyumba inavyorekebishwa paa likivuja.

Siku hizi maandiko haya mawili hufungwa pamoja katika kitabu kimoja, ndiyo sababu watu hudhani ni kitu kimoja. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ina vifungu 229. Haki na wajibu wa raia zimo katika sehemu ya pili, tangu kifungu cha 11 mpaka cha 67. Kurasa nyingi zinazobaki zapanga mamlaka.

Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi orodha ya haki ndiyo daftari. Lakini katiba ndiyo mlango, na kufuli, na mlinzi wa usiku. Mwizi mwerevu hana haja ya kuchoma daftari lako. Ataliacha juu ya meza. Yeye ataondoa mlango tu. Asubuhi utakuta daftari lako ni zima, halikupungua hata mstari mmoja, na ghala ni tupu.

Nchi nyingine zilijifunza jambo hili mapema. Mwaka 1787 Wamarekani waliandika katiba yao kule Philadelphia pasipo orodha ya haki. Alexander Hamilton alisema haihitajiki; George Mason alikataa kutia sahihi, na moja la malalamiko yake lilikuwa hilo. Orodha ikaongezwa tarehe 15 Desemba 1791, vifungu kumi. Lakini vifungu vile kumi havikumfungulia mtumwa minyororo. Watumwa walingoja mpaka vita, na mpaka katiba yenyewe ilipobadilishwa mwaka 1865. Kumbe mpango wa mamlaka pasipo haki ni hatari, na haki pasipo mpango unaomlinda kila mtu ni maneno matupu.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Sisi Wakongomani tulipata maandiko haya mawili kila moja kwa karatasi yake. Kabla ya uhuru, Wabelgiji walitunga Sheria-Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 juu ya mpango wa serikali, yenye vifungu 259. Halafu wakatunga Sheria-Msingi nyingine, ya tarehe 17 Juni 1960, juu ya uhuru wa raia. Siku kumi na tatu baadaye tukapata uhuru. Daftari lilikuwapo, na mlango ulikuwapo. Lakini mlango ulikuwa dhaifu. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasavubu alimwondoa Waziri Mkuu Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba Kasavubu si Rais tena. Bunge likakataa maneno ya wote wawili. Na tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akawanyamazisha wote. Hapakuwa na mwamuzi ambaye pande zote zilimtii.

Na ile sheria ya uhuru wa raia, je, ilifutwa? Hapana. Tarehe 17 Januari 1961, ilipotimiza miezi saba kamili, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa kule Katanga pasipo hukumu ya hakimu ye yote. Wengine walimpenda Lumumba, wengine walimchukia; hilo silo neno letu hapa. Neno letu ni hili: haki yao ilikuwa imeandikwa, na mlinzi wa kuwaokoa hakuwapo.

Tuendelee. Katiba ya tarehe 24 Juni 1967 iliandika uhuru wa dini. Tena iliruhusu vyama viwili vya siasa. Mwaka 1970 chama kimoja tu, M.P.R., kikafanywa juu ya taasisi zote. Wakristo wengi walinyamaza wakisema: "Siasa hiyo. Dini yetu haikuguswa." Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa kuwa siku ya mapumziko, na mwisho wa mwaka shule za misioni zikatwaliwa na serikali. Mwaka huohuo wa 1974 katiba ilirekebishwa hata mkuu wa chama akawa, kwa cheo chake, mkuu wa baraza la kutunga sheria, mkuu wa baraza la serikali, na mkuu wa baraza la hukumu. Sasa niambie, ndugu: Mkristo aliyeonewa angemshtaki nani, na mbele ya nani? Mshtakiwa na mwenye kiti cha hakimu walikuwa mtu mmoja.

Tazameni utaratibu. Hawakuanza na dini. Walianza na mamlaka. Mamlaka yalipokuwa yote mkononi mwa mmoja, dini ilifuata yenyewe.

Watu watasema: "Hayo ni ya zamani. Leo tuna Katiba nzuri." Kweli, kurasa zake za haki ni nzuri. Kifungu cha 18 chasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Baada ya hapo wamwachilie au wampeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu cha 61 chasema hata wakati wa hatari kubwa ya nchi mtu asifungwe kwa sababu ya deni. Lakini ninyi mnaopeleka chakula kwa wafungwa, mmewakuta wangapi waliolala kasho juma zima? Wangapi kwa deni la mbuzi mmoja? Ni nani basi anayepaswa kuzilinda haki hizi? Fungueni kifungu cha 150: mlinzi ni hakimu. Kifungu cha 151 chakataza serikali kumwamuru hakimu katika kazi yake. Na vifungu hivi viko wapi? Havimo katika sehemu ya haki. Vimo katika kurasa za mamlaka, zilezile ambazo mwaambiwa hazikuhusu ninyi raia wadogo!

Mfano mwingine wazazi wanaujua. Kifungu cha 43 chasema masomo ya shule ya msingi ni bure katika shule za serikali. Maneno haya yaliandikwa mwaka 2006. Hata hivyo wazazi waliendelea kulipa minervali, na kumlipa mwalimu kwa mikono yao, mpaka mwezi wa Septemba 2019. Miaka kumi na mitatu! Mwaka 2019 haki ya mtoto haikuongezwa hata neno moja. Kilichobadilika ni uamuzi wa serikali juu ya fedha za nchi. Kwa hiyo anayetaka haki ya mtoto wake isimame, lazima ajue nani aamua juu ya fedha, nani amwuliza hesabu, na jinsi gani aweza kuondolewa asipotenda. Hayo yote ni mambo ya katiba.

Tena, Katiba yetu imekwisha kurekebishwa. Sheria ya tarehe 20 Januari 2011 ilibadilisha vifungu vinane. Hakuna hata kimoja kilichotoka katika kurasa za haki. Vyote vilikuwa juu ya mamlaka. Kimoja kilifanya Rais achaguliwe kwa duru moja tu, hata asipopata nusu ya kura. Vingine vilimpa Rais njia ya kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana. Raia alibaki na haki yake ya kupiga kura, haikuguswa. Lakini katika uchaguzi wa Desemba 2018, kwa hesabu iliyotangazwa, mshindi alipata kura chini ya 39 katika 100, na hapakuwa na duru ya pili ya kuwauliza wale wengine. Kura yako ni ileile, uzito wake umebadilika.

Na mwezi wa Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ataweka tume ya kutafakari juu ya katiba. Mabishano yakawaka nchi nzima, na Maaskofu wetu wakatoa neno la kukataa. Mimi sisemi kwamba katiba ni kama Injili, isiyobadilika. Nimekwisha kusema ni kazi ya wanadamu. Kifungu cha 218 chaonyesha njia ya kuirekebisha, na chawapa hata raia wa kawaida 100,000 ruhusa ya kuomba hivyo. Lakini kifungu cha 220 chafunga mambo machache kwa kufuli: idadi na urefu wa vipindi vya Rais, uhuru wa mahakimu, vyama vingi, na kura ya watu wote. Tena katika kifungu hichohicho chakataza badiliko lo lote linalopunguza haki za mtu. Walioandika waliweka mlango na daftari chini ya kufuli moja. Walikuwa wameyaona ya mwaka 1960, na wameyaona ya mwaka 1974.

Wengine husema: "Kifungu cha 220 chakataza kurekebisha tu, hakikatazi kuandika katiba mpya kabisa." Ajabu ya akili! Mtu amekatazwa kutoboa ukuta, naye ajibu: "Basi nitaibomoa nyumba yote."

Na wengine, wenye ibada nyingi, husema: "Haki zetu zatoka kwa Mungu, hatuhitaji karatasi za wanasiasa." Kweli zatoka kwa Mungu. Hata mvua yatoka kwake, lakini asiyejenga ua, mbuzi watamla mhogo. Baba Mtakatifu Yohane wa XXIII, katika barua yake Pacem in terris ya tarehe 11 Aprili 1963, aliyataja mambo haya moja baada ya jingine: kwanza haki za msingi ziandikwe kwa maneno wazi na kutiwa katika katiba; kisha katiba ionyeshe jinsi wakubwa wanavyowekwa na mipaka ya kazi ya kila mmoja. Hakuridhika na la kwanza peke yake. Ye yote anayesema kwamba Mkristo hana neno juu ya mpango wa mamlaka, na asome barua ile kwanza.

Basi, katika jumuiya zenu, someni pamoja vifungu hivi vichache: 18, 61, 150, 151 na 220. Havichukui hata nusu saa. Na siku mtakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, au kura ya ndiyo na hapana, msimwulize mwenye kuileta: "Je, haki zetu zimo?" Atajibu ndiyo, naye atakuwa anasema kweli. Mwulizeni haya matatu: mkubwa atakaa kwa muda gani? Nani ataweza kumzuia akikosea? Na hakimu atamtii nani? Asipojua kujibu, au akijibu kwa kuwasomea ukurasa wa haki, mrudishieni karatasi yake.