Kiingereza Kipi Kifundishwe Darasani?

Limezuka tena swali la siku nyingi: watoto wetu wafundishwe Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani? Wapo walionao kuwa ni swali la wataalamu wasio na kazi. Sisi hatuoni hivyo. Katika Tanzania wengi wa watoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza hukipata kama somo mojawapo tu. Wafikapo sekondari, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyekwisha kutiwa hofu na mwalimu wa lugha huenda akakaa kimya hata katika somo la baiolojia.

Vitabu vyetu hufuata maandishi ya Uingereza, kwa sababu za historia zinazojulikana. Lakini nje ya darasa Kiingereza akisikiacho mtoto aghalabu ni cha Marekani, kitokacho katika filamu, nyimbo na simu za mkononi. Basi huandika "color" mahali pa "colour", na wapo walimu wamkatao alama kana kwamba hajui. Kwa hakika "color" ni neno halali, na Noah Webster aliliandika vivyo hivyo katika kamusi yake ya mwaka 1828. Mtoto huyo amechanganya nyumba mbili tu, na mwalimu anapaswa kumwonyesha mipaka yake.

Maandishi ya Uingereza yashikwe, lakini isidhaniwe kuwa ni bora kuliko mengine. Ndiyo yaliyomo katika vitabu tulivyo navyo, na ndiyo yatumiwayo na jirani zetu wa Kenya na Uganda; kuyaacha ni kuingia gharama isiyo na faida. Hata hivyo, pale ambapo kutoelewana kwaweza kuleta hasara, mwanafunzi afundishwe njia zote mbili. Tarehe iandikwayo 3/4 kwa Mwingereza ni siku ya tatu ya Aprili. Kwa Mmarekani ni siku ya nne ya Machi. Mfanyabiashara asiyelijua hilo atangojea mzigo bandarini mwezi mzima.

Ama matamshi ni jambo jingine kabisa. Ile sauti ya watangazaji wa zamani wa London, ambayo walimu wengi waliagizwa kuiiga, husemwa na watu wachache hata huko Uingereza kwenyewe. Kwa nini basi mwalimu wa Shinyanga aione aibu sauti yake? Sisi tunao mfano wa nyumbani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na wapenzi wa Kimvita walinung'unika, tena kwa haki. Lakini hakuna aliyemwamuru Mhaya wala Mluo atamke kama mzaliwa wa Mji Mkongwe. Tuliafikiana katika kuandika, na katika kusema kila mtu akabaki na lafudhi ya kwao, na twasikilizana.

Hatusemi kila atamkavyo mtu ni sawa. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza kina sauti za irabu nyingi zaidi; mwanafunzi asiyetenganisha "ship" na "sheep" atasema meli akikusudia kondoo. Tofauti ya namna hiyo hubadili maana, nayo ifundishwe kwa bidii. Ile "r" ya mwisho wa "car", ambayo Wamarekani wengi huitamka na Waingereza wengi huiacha, haibadili maana yoyote, na kipindi kizima kisipotezwe juu yake.

Twaviomba vyuo vya ualimu viwape walimu wapya mwongozo ulio wazi juu ya kosa gani lipunguziwe alama na lipi liandikiwe maelezo tu pembeni mwa daftari. Kwa sasa kila mwalimu hukata kwa kadiri aonavyo mwenyewe, na mwanafunzi ahamaye shule hukuta lililokuwa sahihi jana ni kosa leo.