Vifaranga wa Bata Katika Kundi la Wakubwa: Ugeni Usiokwisha kwa Siku Moja

Katika hesabu za mifugo ya kijijini, bata hutajwa mwisho. Hata hivyo, katika kijiji kama Goweko, kituo cha Reli ya Kati kilichoko upande wa mashariki wa mji wa Tabora, bata watano au sita wanaozunguka uani huweza kuwa akiba ya familia. Hutoa mayai, huwa kitoweo cha mgeni, na wakiuzwa hununua madaftari ya watoto. Kundi hilo linapopungua, mwenye nyumba hununua vifaranga, au humwekea kuku mayai ya bata ayaatamie. Hatimaye hufika siku ya kuwaunganisha wageni hao na wenyeji.

Mara nyingi kazi hiyo hufanywa jioni moja tu. Tenga hufunguliwa, vifaranga huachwa uani, kisha wote hufungiwa katika banda moja. Kunapokucha, mmoja amekufa na mwingine anachechemea, nao wenye nyumba husema kwamba bata ni ndege katili. Hoja ya makala haya ni kwamba bata hana kosa. Kosa limo katika haraka ya mfugaji, nayo huweza kuepukwa bila gharama kubwa.

Wapo wanaoshikilia kauli ya zamani: waache wapigane, watazoeana. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtaalamu wa Norway aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza kwamba kuku wa kundi moja hujipanga kwa madaraja. Wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, na kadhalika hadi wa mwisho ambaye hana wa kumdonoa. Bata nao wana mpangilio wa namna hiyo. Ukisha kuimarika, hupunguza ugomvi, maana kila mmoja ajua zamu yake penye chakula. Anapoingia mgeni, hesabu huanza upya. Kwa hiyo kudonoana kidogo ni jambo la lazima, wala mfugaji asikimbilie kulizuia.

Nusu nyingine ya kauli hiyo ni uongo. Ugomvi wa kupanga madaraja hauleti maafa ikiwa wanaogombana wanakaribiana kwa ukubwa, na ikiwa anayeshindwa ana mahali pa kukimbilia. Dume la bata wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, huweza kuwa na uzito wa karibu mara mbili ya jike lake, na lina makucha makali. Kifaranga wa wiki tatu aliyefungiwa pamoja naye usiku hana nguvu wala njia ya kutokea.

Huenda msomaji akauliza: mbona vifaranga walioanguliwa na bata mwenyewe huishi salama humo humo uani? Jibu ni mama. Jike huyo huatamia kwa siku zipatazo 35, na bata wa aina nyingine 28. Baada ya hapo huwaongoza watoto wake, huwatia joto na kumfukuza kila anayewakaribia. Watoto nao humfuata bila kufundishwa. Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria aliyepewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 1973, alieleza tangu 1935 jinsi makinda wa jamii hii ya ndege wanavyokishika moyoni kiumbe cha kwanza wanachokiona kikienda. Baadaye Eckhard Hess wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba kwa vifaranga wa bata silika hiyo huwa na nguvu zaidi kati ya saa 13 na 16 baada ya kuanguliwa. Basi kifaranga aliyeanguliwa na kuku humfuata kuku, naye kuku hana cheo katika kundi la bata. Siku ya kuhamishwa, kifaranga huyo halijui kundi, wala kundi halimjui.

Yako pia mambo ya mwili. Wengi huamini kwamba bata, kwa kuwa ni ndege wa maji, hadhuriki na maji tangu utotoni. Lakini kifaranga asiye na mama wa kumkausha huloa na kupoteza joto upesi. Katika wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hivi za Sentigredi, linalopunguzwa kidogo kidogo kila wiki. Usiku wa Juni na Julai katika nyanda za Unyamwezi hauna joto hilo. Chakula chake nacho si kile cha wakubwa. Huhitaji kwa wingi, kuliko kifaranga wa kuku, vitamini ya jamii ya B iitwayo niasini. Katika mahindi, sehemu kubwa ya niasini imefungamana kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia. Kifaranga anayelishwa pumba za mahindi peke yake huweza kupinda miguu, na asiyeweza kukimbia hawezi kumkwepa dume. Dagaa wa kusaga na karanga hufaa kuongezwa, ila karanga zenye ukungu ni sumu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, na vifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika upesi kabisa na sumu hiyo.

Isitoshe, afya ya nje si dhamana ya usalama. Virusi vya mdondo, ambao wengine huuita kideri, huweza kukaa ndani ya bata asiyeonyesha dalili, kisha vikawaua kuku wa ua huo huo. Kwa hiyo kumtenga mgeni humlinda yeye na humlinda mwenyeji pia.

Utaratibu unaofaa una hatua tatu. Ya kwanza ni kutenga: vifaranga walionunuliwa wakae mbali na kundi kwa wiki mbili hadi nne, wakichunguzwa. Ya pili ni kuonana bila kugusana: wahamishiwe kizimba cha fito ndani ya ua ule ule, ambamo wataonekana na kusikika kila siku. Ya tatu ni kuchanganyika kwa saa chache mchana, mahali pa wazi, huku mtu akiangalia. Hatua hii ingoje hadi manyoya ya utu uzima yameota na miili inakaribia ya wakubwa. Kwa bata wengi si kabla ya wiki nane, na wenye nyama usoni hukawia zaidi. Vifaranga waingizwe kadhaa kwa pamoja, maana mgeni aliye peke yake hupokea mapigo yote. Banda la usiku liwe la mwisho kushirikiwa. Dume moja latosha majike manne au matano. Yanayozidi yauzwe au yawe kitoweo.

Kiangazi kina hatari yake. Tangu Mei hadi Oktoba maji ni haba, na beseni moja huwa uwanja wa vita. Mabeseni mawili yaliyowekwa mbalimbali huondoa sehemu kubwa ya ugomvi.

Methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kifaranga, siku ya tatu ni mapema mno. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilitua Unyanyembe ikabadili wapagazi kabla ya kuendelea. Kifaranga naye ahitaji kituo, nacho ni kizimba cha fito.

Atakayesema kwamba wanakijiji hawana nafasi ya mambo haya apime gharama yake: fito za porini, kamba za magome ya miti, na mabeseni mawili. Kinachohitajiwa zaidi ni jicho la kuangalia, na hapo ndipo mwalimu wa elimu ya viumbe ana wajibu. Wanafunzi waweza kuwatia bata alama za rangi miguuni, kuhesabu midonoo kwa dakika 15 kila asubuhi kwa muda wa wiki tatu, kisha kuchora grafu. Watauliza: je, midonoo hupungua beseni la pili likiongezwa? Nani humdonoa nani? Ni siku ya ngapi mgeni alipokula bila kufukuzwa? Maswali hayo hayangoji darubini wala umeme.

Shule inayofundisha madaraja ya wanyama kutoka kitabuni, huku vifaranga wanakufa nyuma ya jiko la jirani, imeiacha sayansi mlangoni. Yafaa iiingize ndani.