Mgogwe si mchikichi

Hapa Rumonge ukitaja shamba, watu husikia michikichi, na ukitaja michikichi husikia kesi. Wazazi wetu walikimbia mwaka 1972, sisi tukazaliwa na kusomeshwa Ulyankulu, Tanzania. Tuliporudi mwaka 2008 tulikuta mashamba yana watu wengine. Hayo yamesemwa sana. Leo naomba kuzungumzia jambo dogo zaidi, nalo ni miti midogo ya matunda nyuma ya nyumba.

Kiwanja cha familia yetu kiko juu, upande wa Bururi, kwenye baridi. Tumegawana na familia tuliyoikuta pale. Mapatano tuliyoandikiana mbele ya wazee yanasema kila upande ulime mazao ya msimu tu, yaani maharage, mahindi na viazi, mpaka shauri liishe. Miaka miwili iliyopita mama alipanda migogwe 12 kando ya jiko. Ilipoanza kuchanua tukaamriwa kuing'oa, kwa kuwa apandaye mti anadai ardhi.

Sababu hiyo naielewa. Mchikichi huzaa miaka 25 na zaidi, na aliyeupanda haondoki kirahisi. Lakini mgogwe? Huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, na ukifika miaka minane hivi umekwisha choka. Mizizi yake ni ya juu juu. Upepo ukizidi hulala chini. Kwetu matunda yake huitwa pruni za Japani, jina tulilopewa na Kifaransa, ilhali asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Hata jina lake linadai nchi isiyo yake!

Wapo wanaoniambia niipande huku ziwani ninakofundisha. Nilijaribu. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wetu ni wa joto. Mgogwe wangu ulirefuka, ukatoa maua, yote yakapukutika. Unataka baridi ya mita 1,500 kwenda juu, na udongo usiotuamisha maji. Ndiyo maana magogwe tunayokula hapa hushuka kutoka milimani.

Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, katika miaka yake ya mwanzo ilipendelea pande mbili zigawane shamba. Wengi tunaishi hivyo hadi leo. Basi wazee wa milima na wakuu wa tarafa waongeze mstari mmoja katika mapatano: miti ya matunda iliyo ndani ya hatua 20 kutoka mlangoni isihesabiwe kuwa ushahidi wa umiliki, na atakayeshindwa kesi aendelee kuchuma mpaka miti izeeke.

Ruhusa hiyo iwe ya pande zote mbili. Jirani yetu naye aliwahi kutaka kupandisha marakuja kwenye uzio wake. Waliokataa ni sisi.