Upote na Fasili Yake: Ushahidi wa Mshale Unaokwenda Upogo

Makamusi ya Kiswahili yanayotumika shuleni na vyuoni huifasili nomino upote kwa maneno machache tu: uzi au kamba ya upinde. Mtafsiri mwenye haraka atatosheka na fasili hiyo. Fundi wa pinde akisomewa atauliza papo hapo: uzi wa unene gani? Swali lake linaihusu leksikografia kama linavyouhusu ufundi wake, na hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba majina ya ala za kijadi yataendelea kufasiliwa kwa upungufu madhali yanafasiliwa kwa umbo la kitu, huku kazi ya kitu hicho ikiachwa nje ya kamusi.

Inafaa kwanza ieleweke unene wa upote unafanya nini. Upinde ukivutwa huhifadhi nguvu, na upote ukiachiwa nguvu hiyo huhamia kwenye mshale. Haihamii yote. Sehemu yake hupotea katika kuusukuma upote wenyewe, kwa kuwa nao una uzito. Mwanafizikia wa Marekani, Paul Klopsteg, aliyechapisha mwaka 1943 makala mashuhuri kuhusu fizikia ya pinde na mishale, ni miongoni mwa waliolieleza jambo hili kwa hesabu. Na kanuni inayokubalika ni kuwa takriban thuluthi moja ya uzito wa upote huhesabiwa kana kwamba imefungwa kwenye mshale. Aidha, uzito huongezeka upesi kuliko unene: kipenyo kikizidishwa mara 2, uzito huwa mara 4. Upote wa gramu 9 wenye unene wa milimita 3 ukinenepeshwa hadi milimita 4 hufikia gramu 16. Ni kana kwamba mshale umeongezewa gramu 2 na ushei. Kwa mshale wa gramu 40, na bila kuhesabu uzito wa mbao za upinde wenyewe, kasi itapungua kwa kiasi kinachokaribia asilimia 3.

Asilimia 3 ni kidogo, na msomaji anaweza kudhani kuwa habari imeishia hapo. Kumbe ndipo inapoanzia. Mshale hautoki ukiwa umenyooka. Upinde wa kijadi hauna tundu katikati la kuupitisha. Mshale hulazimika kupita ubavuni. Upote unapousukuma kwa ghafla kutoka nyuma, wano hunepa, likajipinda kuuzunguka mti wa upinde, kisha likajinyoosha na kujipinda upande wa pili, na kutikisika hivyo kwa muda likiwa hewani. Wano linalonepa kwa kiasi kinachowiana na msukumo wake huenda lilikoelekezwa. Wano kakamavu kupita kiasi hugonga ubavu wa upinde na kwenda upogo. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayepitisha mshale upande wa kushoto wa upinde, wano kakamavu huenda kushoto ya shabaha, na wano legevu huenda kulia. Sasa upote unapoingia katika hesabu hii, hubadili tabia ya mshale ambao haukuguswa kabisa: upote mwembamba husukuma kwa kasi zaidi, wano likanepa zaidi, nalo likawa kana kwamba limelegea, upote mnene hupunguza msukumo, na wano lile lile likawa kana kwamba limekakamaa. Fundi aliyebadili upote hana budi kuiangalia upya mishale yake. Aidha apunguze miti ya mawano, au abadili uzito wa vyembe, au aurudishe upote wa kwanza.

Kwa nini basi mafundi wasichague daima upote mwembamba? Kwa sababu mwembamba hukatika, na upote ukikatika upinde uliovutwa unaweza kuvunjika papo hapo. Mwembamba pia hukata vidole, na huchezacheza ndani ya mwanya wa mkiani mwa mshale uliochongwa kwa upote mnene. Mnene nao hung'ang'ania mwanyani, mshale ukachelewa kuachana nao. Katika pirika hizi zote, neno uzi halina la kusema.

Tena halisemi kweli kila mahali. Wahadza wa bonde la ziwa Eyasi, ambao zana zao zilielezwa kwa kina na James Woodburn mwaka 1970, hutengeneza upote kwa kano za wanyama. Katika misitu ya Kongo, Wambuti na majirani zao wengi hutumia utepe wa henzerani. Kano husokotwa, na kadiri inavyosokotwa ndivyo upote unavyofupika na kukaza. Ikilowa maji hunyumbuka na kulegea, hata upinde uliokuwa tayari asubuhi ukawa haufai jioni ya masika. Utepe wa henzerani haukusokotwa. Ni bapa. Neno unene lenyewe hugawanyika hapo katika mambo mawili, upana na unene, na mkia wa mshale hukutana na ubapa badala ya mviringo. Kuviita vyote viwili uzi ni kumwambia mwanafunzi kwamba vimeshonewa kwenye kiwanda kimoja.

Kama pana mahali katika Tanzania panapofaa kuanzishia utafiti wa jambo hili, basi ni mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Burton na Speke waliifikia mwezi Februari 1858, wakakuta tayari ni mji wa soko wenye wageni kutoka pwani. Nyuma ya mji ipo nchi ya Waha. Ng'ambo ya ziwa ipo Manyema, yenye misitu, na watu wake walivuka katika karne ya 19 wakafanya makazi. Kwa hiyo katika kata kama Rusimbi, iliyomo ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, Kiswahili si lugha iliyoletwa na shule peke yake: kimezungumzwa majumbani kwa vizazi, na kimekaa bega kwa bega na Kiha na lugha za ng'ambo. Nchi ya mbuga na nchi ya msitu zilikutana hapo. Ni haki kutazamia kuwa msamiati wa kano na msamiati wa henzerani nao vilikutana, na kwamba Kiswahili ndicho kilichotakiwa kuvipatanisha.

Ushahidi wa kiisimu unaelekea huko. Jina la kale la upinde katika Kiswahili ni uta, wingi mata, nalo ni la Kibantu cha asili; Wakikuyu na Wakamba wanalo hadi leo, na wanaisimu wengi hulihusisha na vita. Upinde ni jina la baadaye, lililotokana na kupinda. Jambo la kupendeza ni kwamba Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, kimefuata njia iyo hiyo kwa mzizi mwingine: umuheto, kutokana na guheta, yaani kupinda. Lugha mbili zimeitazama ala moja na kuchagua tendo lile lile. Mafundi, inavyoonekana, huita kwa vitenzi, ilhali wanakamusi hufasili kwa nomino. (Na uta umekwisha kutoweka vinywani, mshale umeokoka kwa kugeuka alama ya ubaoni na ukono wa saa, na upinde kwa hisani ya mvua.)

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya fizikia, na kuwa kamusi si kitabu cha ufundi. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama lingetumiwa kwa usawa. Hakuna anayeweza kufasili wavu mbele ya mvuvi wa dagaa wa Kibirizi bila kutaja macho yake, kwa maana macho ndiyo yanayoamua kama ni wavu wa dagaa au wa mgebuka. Uvuvi uko hai, wavuvi wangelalamika. Mafundi wa pinde hawalalamiki kwa sababu wamebaki wachache, na wengine wana sababu njema ya kunyamaza.

Sababu hiyo haistahili kupuuzwa na mtafiti yeyote. Gombe ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na Mahale mwaka 1985. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imeweka masharti makali juu ya uwindaji wote. Kwa mzee wa Kigoma, mgeni mwenye daftari anayeuliza habari za upote, kano na sumu ya mshale anaweza kufanana mno na askari wa wanyamapori. Atajibu kwa adabu kwamba hayo yalikuwa mambo ya wazee wa zamani. Jibu hilo likiandikwa kama data, litathibitisha kwa uongo kwamba msamiati umekufa. Hifadhi zinahitajika, na hakuna anayedai zifutwe. Kinachodaiwa ni kwamba orodha ya maneno ya kuulizia haifai hapa. Ziwekwe mbele ya mzee nyupote mbili, nyembamba na nene, pamoja na mishale butu na gunia la nyasi, kusiwe na mnyama wala swali la uwindaji. Apige, apotoke, arekebishe. Na yanaswe maneno anayoyatamka anaporekebisha, vitenzi kwanza.

Hata kabla ya hapo, lugha ina akiba ambayo kamati za istilahi zingeweza kuitumia badala ya kutohoa. Tabia ya wano ya kupinda na kurudi inaweza kuitwa mnepo, kutokana na kunepa, na hakuna mzungumzaji atakayehitaji kuelezwa. Kinyume chake ni ukakamavu. Kusokota, kukaza na kulegeza vinatosha kwa upote wenyewe. Neno mwanya wa mkiani lililotumiwa hapo juu ni la kuazima, na yumkini mafundi wana zuri zaidi.

Fasili ya upote basi ingeweza kusomeka hivi: kano iliyosokotwa, ukanda wa ngozi au utepe wa henzerani unaounganisha ncha mbili za upinde na kuusukuma mshale, unene wake hulinganishwa na mnepo wa wano. Inaizidi fasili iliyopo kwa mstari mmoja au miwili.