SEHEMU YA 6: "UTAFITI UNASEMA..." UTAFITI GANI?

Leo naongea na wewe unayesoma chuo huku unanyonyesha, na wewe unayepokea meseji za afya kwenye grupu la familia. Tatizo lenu ni moja.

Mwanafunzi anaandika kwenye ripoti: "Tafiti nyingi zinaonyesha..." Zipi? Za nani? Za mwaka gani? Kimya. Mwingine anataja jina na mwaka, lakini utafiti wenyewe hajausoma, kaukuta kwenye kazi ya mwenzake akanakili. Wengi wanaona hayo ni mambo ya maksi tu. Mimi nasema ni mambo ya uhai wa watoto.

Angalia mfano huu. Februari 1998, jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha andiko la Andrew Wakefield na wenzake, likihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Watoto waliochunguzwa walikuwa wangapi? 12 tu! Baadaye ikabainika taarifa za watoto hao zilipotoshwa, na Wakefield alikuwa akilipwa na wakili aliyekuwa anaandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Februari 2010 jarida likalifuta andiko lote. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark wakatoa matokeo ya watoto 657,461: chanjo haikuongeza hatari ya usonji.

Lakini meseji bado zinazunguka: "Utafiti umethibitisha chanjo inaleta usonji." Jina halipo, mwaka haupo, idadi haipo. Vingekuwepo, ungetafuta dakika tano tu na kukuta andiko lilishafutwa. Ndiyo maana nasema kutaja chanzo si urembo wa ripoti. Ni kumpa msomaji njia ya kukukagua.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi, taja mwandishi, mwaka na jarida. Taja ulichosoma mwenyewe. Kama umekipata kupitia kwa mwingine, sema hivyo. Maneno ya mtu ukiyachukua kama yalivyo, weka alama za kunukuu, na ukiyasema kwa maneno yako, bado mtaje. Na kabla hujakabidhi kazi, hakikisha andiko halijafutwa.

Najua kuna atakayesema, "Nesi, sisi tuna watoto wanalia, muda huo tutautoa wapi?" Sawa. Basi kabla hujamtumia mwenzako meseji, uliza matatu tu: nani kasema, lini, na alichunguza watu wangapi? Ukikosa majibu, usitume.

Hapa Tanzania mtoto anachanjwa surua na rubella akiwa na miezi 9, anarudia miezi 18. Surua haimsubiri mama amalize kubishana na grupu. Usimnyime mwanao chanjo kwa sababu ya karatasi iliyofutwa.

Na hata mimi nikikwambia "utafiti unasema", usiniogope kwa sababu ya sare. Niulize: upi?